Upindo wa Mguu wa Kushoto

Tarehe 4 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu wewe, wifi na watoto. Huku hatujambo, ukiacha magoti ya Mama, ambayo siku hizi ndiyo yanayotutangazia hali ya hewa. Yakiuma asubuhi, mchana mvua inanyesha, na yeye anakaa dirishani akijisifu. Baba Chiriku amepata kazi ya kujenga ukuta wa shule na anarudi nyumbani na saruji mpaka kwenye nyusi. Kwangu mimi ni msimu wa kushona sare. Meza yote imejaa kola na mifuko, sina hata pa kuweka kikombe cha chai.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu unanikatiza, nami nikikatizwa nalia. Kwenye barua itabidi unisikilize mpaka mwisho.

Ni Chiriku. Tangu Novemba amerudia kukojoa, tena si kitandani tu, hata darasani, mchana kweupe. Ana miaka tisa, Kaka. Mwalimu wake ameniandikia kwamba ni uvivu wa kuomba ruhusa. Zahanati walisema ni maambukizi ya mkojo, wakampa vidonge, vikaisha, wakampa vingine. Mgongo nao unamuuma, na mguu, hasa akitoka shule. Hayo wanasema ni maumivu ya kukua. Wamempiga eksirei ya kiuno na kusema mifupa haina shida.

Yeye mwenyewe hasemi kitu. Wewe ndiye uliyempa jina la Chiriku kwa sababu hafungi mdomo. Sasa akirudi na nguo iliyolowa anaikunja vizuri, anaiweka nyuma ya mlango wa chumba cha kushonea, na anakaa hapo kimya akingoja nimwone. Kile kimya kinaniumiza kuliko kufua.

Wewe uko hospitali kubwa, kila siku unaona watu wa kila namna. Niandikie jina la dawa ya kukaza kibofu, niitafute.

Mdogo wako,
Fundi


Tarehe 19 Februari

Mdogo wangu Fundi,

Barua yako imefika, na sote huku wazima. Wifi yako anauliza kama lile gauni lake bado liko kwenye foleni au limeshageuka tambara. Mwambie Mama magoti yake tutayaajiri redioni.

Hakuna dawa nitakayokuandikia, na usinikasirikie. Mimi nawapiga wagonjwa picha tu, sizisomi. Kusoma kuna daktari wake. Lakini kuna mambo nataka uyaangalie vizuri na unijibu moja moja. Mguu unaouma ni upi, au yote miwili? Nyayo zake ziko sawa? Kiatu kipi kinalika upande, na upande gani? Choo kikubwa anapata bila taabu? Anajikwaa? Ukimwambia asimame kwa visigino, anaweza?

Halafu mgongoni, chini kabisa, pale juu ya makalio. Pakoje sasa?

Nijibu haraka iwezekanavyo. Na mwalimu mwambie, kwa heshima zote, kwamba msichana wa miaka tisa hachagui kulowa mbele ya wenzake.

Kaka yako


Tarehe 23 Machi

Kaka,

Nimechelewa, nisamehe. Mama aliteleza bafuni, hakuvunjika, lakini kwa wiki mbili nimekuwa fimbo yake. Na sare hazijui kungoja. Baba Chiriku anakusalimu. Ukuta wake umefika urefu wa mtu na sasa anatembea kama yeye ndiye mwenye shule.

Maswali yako yamekuwa kama ya polisi. Haya basi. Unaouma ni wa kushoto. Anajikwaa, lakini mtoto gani hajikwai? Choo ni kigumu, anakaa hata siku nne. Kusimama kwa visigino, kulia anasimama, kushoto anacheka na kuanguka. Mwalimu wa michezo amemtoa kwenye timu ya mbio, kasema apumzike kidogo. Hajamrudisha.

Miguu ukiitazama iko sawa. Juzi daktari wa zahanati alimtembeza kutoka mezani mpaka mlangoni na kurudi, akasema anatembea vizuri kabisa. Aliniuliza hata nani kamshonea ile suruali, maana inamkaa kama ya dukani.

Mvua imeanza. Mama anasema alikuambia.

Fundi


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Namshukuru Mungu kwa Mama. Mwekeeni mkeka wa mpira sakafuni pale bafuni.

Hukunijibu la mgongoni. Sikuulizi tena kwa barua, kwa sababu muda unakwenda. Ngoja nikueleze ninachoogopa, kisha ufanye nitakavyokuomba.

Ndani ya uti wa mgongo unapita ugwe wa mishipa ya fahamu, umetoka kwenye ubongo. Huo ndio unaopeleka amri kwenye miguu, kwenye kibofu, kwenye choo. Chini unapoishia haukufungwa popote. Unaelea kwenye maji yake, umeshikiliwa na kiuzi chembamba tu kinachonyumbuka. Mtoto akirefuka, mifupa inapanda na ugwe unapanda nayo. Lakini kuna watoto wanaozaliwa ugwe wao umenata chini. Hawaonyeshi kitu wakiwa wadogo. Kisha wanaanza kurefuka, na ule ugwe unabaki umeshikwa, unavutwa, unakosa damu, unachoka. Kinachofuata ndicho ulichoniandikia wewe mwenyewe: mkojo, choo, mgongo, mguu mmoja.

Eksirei inaonyesha mifupa. Ugwe hauonekani humo hata ukikodoa macho siku nzima. Inatakiwa picha ya MRI, ya ile mashine ya sumaku. Huko kwenu hakuna, huku ipo, na nimeomba nimpige mwenyewe. Nafasi ni tarehe 28 mwezi huu.

Mlete. Huenda nimekosea, na nikikosea utanicheka mpaka uzeeni, nitafurahi. Lakini kama sijakosea, basi kila sentimita anayorefuka inamvuta, na kilichopotea hakuna anayeahidi kukirudisha.

Kaka yako


Tarehe 20 Aprili

Kaka,

Baba Chiriku ndiye atakayemleta, na barua hii anakuja nayo mkononi. Mimi siwezi kumwacha Mama. Bado anashika ukuta akitembea, na majirani wana kazi zao.

Nimemfungashia nguo za wiki moja. Nimemshonea suruali mpya ya bluu ili asiende kwa watu akiwa ovyo. Usimruhusu avue viatu nje, anapata mafua. Akilowa asigombezwe.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Nimeikunja na kuiweka kwenye droo ya bobini, na kila nikibadilisha uzi naikuta hapo. Naomba Mungu uwe umekosea. Naomba hivyo kila siku, na nikukumbushe ulivyo na kawaida ya kukosea, tangu ulipomwambia Baba kwamba umefaulu hesabu.

Fundi


Tarehe 30 Aprili

Mdogo wangu,

Wamefika salama na wamelala salama. Baba Chiriku amekagua kuta zote za nyumba yangu kwa ngumi na kusema fundi wangu alikuwa mwizi. Chiriku amewasimulia watoto wangu habari za mtaa wenu wote, kwa majina.

Nitakusimulia kama ilivyokuwa.

Kwenye chumba kile hakiingii chuma. Sumaku yake inavuta hata funguo kutoka mfukoni. Kwa hiyo mgonjwa hubadilisha nguo, anavaa gauni la hospitali, nasi tunaweka nguo zake pembeni. Nilikuwa naikunja ile suruali ya bluu, pini ikanichoma kidole. Pini yako, uliisahau ndani ya upindo wa mguu wa kushoto. Nikafumua nyuzi mbili tatu niitoe. Ndipo nikaona kitambaa kilivyokunjwa humo ndani, mara mbili, wakati cha kulia kimekunjwa mara moja. Nikazilinganisha. Mguu wa kushoto wa suruali ni mfupi kwa sentimita moja na nusu. Upande huohuo, pale kwenye shavu la mguu, umeweka bitana nene ili paonekane pamejaa. Nikachukua kiatu cha kushoto. Mbele mna sponji, imeshonewa vizuri kabisa. Ukikitazama kwa nje huoni.

Nilikaa kwenye kile kiti cha kuvulia viatu na suruali ya mwanao magotini.

Kisha tulimpiga picha. Nilimwambia asitikisike hata kidogo, na mashine itapiga kelele. Akaniuliza, "Mjomba, kelele kama za cherehani?" Nikamwambia kubwa zaidi. Akasema, "Basi si neno, nimezoea. Nitalala tu Mama anashona." Akalala dakika arobaini na tano bila kusogeza kidole. Mwishoni nilimgeuza kifudifudi, tuone kama ugwe unasogea mbele unavyotakiwa.

Haukusogea. Jana daktari wa picha ameandika taarifa, na kwa kuwa imeandikwa naweza kukuambia. Ugwe wa kawaida unaishia pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Wa Chiriku umeshuka mpaka ya nne. Kile kiuzi cha chini, kinachopaswa kuwa chembamba kama uzi wako, ni kinene, kimejaa mafuta, kinang'aa cheupe kwenye picha kuanzia juu mpaka kilipong'ang'ania. Sikukosea. Nimeumia sana kutokukosea.

Baada ya wiki mbili anaonwa na bingwa wa upasuaji wa mishipa ya fahamu. Atauliza ilianza lini. Baba Chiriku anasema Novemba. Mimi nimeuona ule upindo, mdogo wangu. Ilianza lini?

Kaka yako


Tarehe 6 Mei

Kaka,

Safari hii sina salamu. Mama mzima.

Pamoja na barua hii kuna daftari. Ni daftari langu la vipimo vya wateja. Ligeuze, uanze kutoka nyuma. Ukurasa wa mwisho ni wa Chiriku.

Nampima kila Januari na kila Julai, tangu alipoanza shule ya awali. Kiuno, nyonga, urefu wa mguu wa kulia, urefu wa kushoto, unene wa shavu la mguu, kulia na kushoto. Alipokuwa na miaka mitano kushoto kulipungua nusu sentimita. Nilidhani utepe umevutika. Nikaenda kwa jirani nikaazima wa kwake, nikapima tena. Nusu sentimita. Alipofika miaka sita na nusu ikawa nusu na kidogo. Miaka saba na nusu, moja kamili, na shavu la mguu wa kulia ishirini na tano na nusu, la kushoto ishirini na nne. Januari hii, moja na nusu; kulia ishirini na saba, kushoto ishirini na nne na nusu. Yote yameandikwa, na tarehe zake. Sijawahi kumwonyesha mtu. Baba yake hajui.

Kaka, kazi yangu ni kuficha. Mteja mwenye bega lililoshuka namwekea pedi, mwenye kitambi namwachia nafasi, na wote wananishukuru. Nikaona nina uwezo wa kumfichia na mwanangu. Nilijiambia watoto watamcheka. Nilijiambia atakua na mguu utafuata. Kila muhula nilikunja upindo zaidi kidogo, kidogo tu. Na daktari alipomtembeza mpaka mlangoni akasema anatembea vizuri, mimi nilijisikia fahari. Fahari ya mshono! Mtoto wangu anaungua ndani, mimi nafurahia mshono.

Umeniuliza mara mbili kuhusu mgongo. Ni vilevile. Kile kishimo na yale manyoya. Yanaota, nami nanyoa kwa wembe kila akienda zahanati, yasionekane. Kwa hiyo hakuna daktari aliyewahi kuyaona.

Lakini wewe unayajua. Ulikuwepo. Alikuwa na miezi miwili, uko likizo, tunamwogesha kwenye beseni la kijani, nikamgeuza nikakuonyesha. Kwa hiyo usiniulize pakoje kama mtu asiyejua.

Mpe bingwa daftari. Mwambie mama wa mtoto ndiye aliyeandika.

Fundi


Tarehe 17 Mei

Mdogo wangu,

Daftari limefika. Nilimpelekea bingwa mwenyewe, mkononi. Ni mwanamke mfupi, msema kidogo, ana miwani iliyofungwa kamba. Alisoma ule ukurasa akiwa amesimama kando ya meza, akaurudia. Kisha akasema, "Wagonjwa huja kwangu wanasema 'tangu zamani kidogo.' Hakuna aliyewahi kuniletea miaka minne kwa nusu sentimita." Akaomba ruhusa kuunakili kwenye faili. Nimempa kwa niaba yako.

Kwa sababu ya zile tarehe na jinsi kibofu chake kilivyopimwa, hataki kungoja. Atafungua kidogo kwenye kiuno, atakitafuta kile kiuzi, atakikata. Watakuwa na mashine ya kusikiliza mishipa ili wasiguse isiyohusika. Amesema waziwazi anachokitarajia: maumivu yataondoka, mkojo huenda ukapata nafuu, mguu haahidi. Lengo ni kuzuia ugonjwa usiendelee. Na awe anaangaliwa mpaka amalize kukua, kwa sababu ugwe unaweza kunata tena.

Ni tarehe 9 Juni. Safari hii njoo wewe. Dada yetu wa kanisani kwenu amekubali kukaa na Mama, nimeshampigia. Huna kisingizio kilichobaki.

Lile la beseni nimelisoma.

Kaka yako


Tarehe 25 Julai

Mdogo wangu,

Natumaini mlifika salama, na kwamba Chiriku hakumaliza abiria wote kwa maneno. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Wifi yako anavaa lile gauni kila Jumapili, amekataa kulifua asije akalipausha.

Tulikaa pamoja wiki sita. Tulikunywa chai meza moja, tukapokezana kukaa kando ya kitanda chake zile siku alizolazwa chali asiinue kichwa, tukacheka alipomwambia muuguzi kwamba sasa yeye ni mtu mwenye mshono wa kweli. Tulizungumza kila kitu, na lile jambo hatukuligusa. Mara tatu nilifungua mdomo. Mara ya mwisho ulikuwa unakunja shuka, ukaniangalia, nikakuuliza kama umeona funguo zangu.

Nalisema hapa, ambako huwezi kunikatiza.

Nilikuwa mwaka wa pili wa masomo. Ulimgeuza mtoto, nikaona kishimo na manyoya, na nikacheka. Nilisema, "Huyu ataringa, kaja na mkia wake." Ukaniuliza kama ni kitu kibaya. Nikasema si kitu. Sikujua, na nilijibu kama ninayejua, kwa sababu nilikuwa nimevaa ile fulana ya chuo na nyote mlikuwa mnaniita daktari.

Hilo ningeweza kulibeba. Lililobaki ndilo zito. Mwaka wa mwisho, mhadhiri alituonyesha picha ya mgongo wa mtoto mchanga, manyoya yaleyale, kishimo kilekile. Akasema mtoto kama huyu apigwe ultrasaundi katika miezi ya kwanza, kabla mifupa haijakaza, maana hapo ugwe unaonekana bila taabu. Chiriku alikuwa ana miaka miwili, anakimbia. Nilitoka darasani nikakupigia. Ukapokea kwa furaha, ukaniambia ameanza kuimba. Nikakusikiliza ukiniwekea simu mdomoni mwake. Nikakata bila kusema.

Nilijiambia anakimbia, basi ni mzima. Nilijiambia hivyo miaka saba. Nimewapiga picha watoto wa watu wasio na idadi, na kila aliyelala kifudifudi nilimwangalia mgongo. Wa kwetu sikumwuliza mpaka ulipoandika wewe.

Wewe uliandika kila nusu sentimita na ukaficha. Mimi sikuandika chochote. Kati yetu wawili, aliyekuwa anajua maana yake ni mimi.

Sijui niombe msamaha kwako au kwake. Nauomba kwenu wote. Kama unaona asiambiwe, sawa. Kama unaona aambiwe, nitakuja kumwambia mwenyewe.

Kaka yako


Tarehe 12 Septemba

Mdogo wangu,

Sijapata jibu. Sikulazimishi. Nataka tu kujua anaendeleaje, na kama Mama anaweza kupanda ngazi.

Kaka


Tarehe 30 Oktoba

Kaka,

Salamu kwa wifi na watoto. Mama anapanda ngazi, anashuka, na katikati anasimama kutoa taarifa ya mvua. Baba Chiriku amemaliza ukuta, sasa anajenga choo cha shule, na kwa ombi la binti yake kimewekwa karibu na madarasa ya wadogo. Amekwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu kulisema hilo. Chiriku, si baba yake.

Barua yako ya Julai ilikaa chini ya cherehani miezi mitatu. Nilikuwa na hasira, Kaka. Nilikata kitambaa cha mteja vibaya mara mbili, mimi, ambaye hujawahi kusikia nimekata vibaya. Nilikuwa nashona najibizana na wewe kwa sauti mpaka Mama akauliza nani yumo humo. Nilikuwa naiona ile simu. Mtoto anakuimbia, na wewe unajua, unasikiliza.

Kisha nakumbuka wembe wangu, na maneno yanakauka.

Sitasema nimesamehe, kwa sababu sijui kama mtu anayestahili kuulizwa ni mimi. Kwa hiyo nilimwuliza anayestahili. Nilimkalisha juu ya meza ya kukatia, nikamwambia ya kwangu kwanza: pini, sponji, wembe, daftari. Nikamwambia na ya kwako. Alisikiliza mpaka mwisho, na hilo tu lingetosha kuandikwa kwenye magazeti. Akauliza, "Kwa hiyo Mjomba aliona?" Nikasema aliona. "Na wewe uliona?" Nikasema niliona. Akasema, "Mngeniambia mimi. Mimi ningemwambia kila mtu."

Nililia, akanipangusa kwa kipande cha bitana.

Sasa habari unazozisubiri. Maumivu ya mgongo yamekwisha, hayajarudi hata siku moja. Anakwenda chooni kwa saa, analowa kwa nadra, na akilowa anasema. Mbio bado hawezi. Anapiga filimbi ya kuanzisha, na nasikia anawaonea wenzake. Manyoya yaliyobaki juu ya kovu sinyoi tena.

Julai hatukupima, alikuwa bado na bandeji. Tumepima jana. Nilimsimamisha penye mwanga, nikapima mara tatu, halafu nikaenda kuazima utepe wa jirani. Mguu wa kulia umerefuka sentimita mbili tangu Januari. Mbili nzima, Kaka. Tofauti ya miguu ni moja na nusu. Ileile. Haikuongezeka hata unywele.

Nilikaa chini sakafuni na ule utepe. Yeye akadhani kuna kitu kimeharibika.

Baadaye nikachukua kitambaa cha sare ya mwakani, nikaanza kuweka chaki kwenye mguu wa kushoto kama nilivyozoea. Akanishika mkono. "Mama, usipunguze huo. Shona yote sawa." Nikamwambia wa kushoto utaburuta juu ya kiatu, watu wataona. Akasema ndiyo, waone, na atakayeuliza atamweleza, na nusu saa haitamtosha. Nimeshona sawa. Unaburuta. Leo asubuhi ametoka hivyo mlangoni, nami nimesimama kizingitini mikono ikiniwasha, nikamwacha aende.

Katika daftari ulilonirudishia, ukurasa ule umejaa. Nimefungua mwingine, nimeandika jina lake juu na kuchora mistari. Januari njoo. Hutakuja kuomba radhi, maana ameshasema kuomba radhi kunamchosha. Utakuja kupima. Utapiga magoti pale sakafuni, utashika utepe wewe, na utamwangalia mguu kwa mguu mpaka chini. Utasema kila namba kwa sauti.

Mimi nitaandika.

Mdogo wako,
Fundi